Maji ya Salamu Tatu

Nyumba ya fundi picha ipo palepale Iguguno, kando ya barabara ya malori, mlango umetiwa kufuli. Binti yake alikuja akamchukua kwenda kukaa naye Manyoni kwa sababu ya macho yake mabovu. Mimi kila nikipita pale nasimama. Watu wanadhani napumzisha goti. Goti linauma, sikatai, lakini sisimami kwa ajili yake. Nasimama kwa kuwa ndani ya nyumba ile nimeona mambo ambayo mpaka leo hayajakaa sawa kichwani mwangu, na mtu wa umri wangu alitakiwa awe ameshamaliza kushangaa.

Jina analo, ila hapa kwetu halikutumika. Watoto walimwita babu picha, sisi wengine tukamwita fundi. Yeye mimi aliniita mkwe. Hakuniozesha mtu. Mke wangu alitoka Mgori, na fundi aliwahi kukaa Mgori akipiga picha za harusi na za kipaimara mpaka akajiona mtu wa kule, basi akasema binti yeyote wa Mgori ni wake na aliyemchukua ni mkwe wake. Nikawa namwamkia shikamoo ya baba mkwe, anaitikia marahaba kwa uso mkavu, kama vile ng'ombe wa mahari aliwapokea yeye.

Siku ya kwanza kumkuta kazini nilidhani ameiba kuku. Nilipiga hodi, akasema karibu, nikaingia. Amekaa kwenye kigoda, kabuti zito amelilaza mapajani, mikono yake ameiingiza kwenye mikono ya kabuti kinyumenyume, na ndani ya lile kabuti kuna kitu anapambana nacho. Uso kauelekeza darini, meno kayauma. Nikasema, fundi, huyo utamnyonga. Akasema nisimsemeshe, anavalisha mkanda. Ndipo nilipojua kwamba mkanda wa picha, ile ya zamani nyeusi na nyeupe, ukishapigwa hautakiwi kuona mwanga hata wa ufa wa mlango. Wenzake wa mjini walikuwa na vyumba vya giza. Yeye alikuwa na kabuti. Humo ndani alikuwa anauzungusha mkanda kwa kupapasa kwenye gurudumu dogo la plastiki, kisha analitia gurudumu ndani ya kopo jeusi na kulifunga. Jua la saa sita liko nje, mbuzi wanakimbilia kivuli, na yeye ana usiku wake mapajani.

Lakini kabuti ni jambo dogo. Lililonipiga butwaa ni maji.

Nyie mnaokaa kwenye mabomba sina haja ya kuwalaumu, ila lazima mjue kwamba huku kwetu kiangazi kikikaza, maji si kitu cha kumwaga mbele ya mtu. Ukimwaga, unamwaga nyuma ya nyumba kama mwizi. Maji ya kunawia mikono yananywesha kuku, ya kuoshea mchele yanapikia pumba. Sasa fundi, kwenye kopo lake, alitia dawa ya kwanza, akaitoa. Hiyo aliita dawa ya kuamsha, kwa kuwa inaiamsha picha. Akatia ya pili, akaitoa, hiyo ni ya kushikisha, ili picha isikimbie. Halafu akaniambia sasa tunaosha. Nikaangalia huku na huku natafuta pipa. Sikuona pipa. Niliona jagi la plastiki, la kuwekea juisi, na lenyewe halijajaa.

Nikamuuliza, unaosha na nini? Akanionyesha jagi. Nikacheka. Hakucheka.

Akaniambia hivi, na haya maneno nimeyasikia kwake mara nyingi mpaka nayasema nikiwa shambani peke yangu: dawa iliyoishika picha ndiyo itakayoila ikibaki. Ukiiacha ndani, picha unaipeleka nyumbani inacheka, baada ya muda inaanza kuwa njano pembeni, mara kahawia, mara mtu hana pua. Kwa hiyo lazima dawa itoke yote. Wenzake walikuwa wanaliacha kopo chini ya bomba maji yanachuruzika mpaka mtu anakula na kushiba. Yeye bomba hana. Akagundua, au alifundishwa, sikumbuki alisemaje, kwamba si wingi wa maji, ni kubadilisha. Unatia maji kidogo, unafunga, unaligeuza kopo juu chini juu chini, dawa inatoka inaingia kwenye maji. Unayamwaga. Unatia mengine, unageuza zaidi. Unamwaga. Unatia ya tatu, unageuza zaidi tena. Basi.

Na kugeuza kwake alikupima kwa salamu. Hapo ndipo nilipomwona mtu huyu hakuumbwa kama sisi.

Maji ya kwanza yalikuwa ya salamu ya njiani: hujambo, sijambo, za utokako, njema, haya. Akamwaga. Maji ya pili, salamu ya jirani: mmeamkaje, watoto wanaendeleaje, ng'ombe wamerudi, mvua mmeionaje. Akamwaga. Maji ya tatu, salamu ya ukweni. Hiyo wanaoijua wanaijua. Mtu akiianza, uji uliotengwa unapoa, maana unaulizwa kuanzia nyumba hadi zizi, na kila kilichoulizwa lazima kiitikiwe, huruki hata kimoja. Nikishikwa mimi pale kama mgeni, ananisalimu salamu zote tatu huku kopo linageuka mkononi mwake. Mwanzoni nilidhani ananiheshimu. Kumbe mimi ni saa.

Asipokuwepo mgeni alikuwa anakisalimu kigoda na kujijibu mwenyewe, sauti moja nene, sauti moja nyembamba. Mama mmoja muuza vitumbua alimsikia kupitia dirishani anauliza habari za mbuzi na anajibiwa wamezaa. Beseni la vitumbua lilibaki barabarani. Kwa muda mrefu ilisemekana fundi amefuga mtu asiyeonekana, na huyo mtu ana mbuzi wengi kuliko mwenyekiti.

Kuhusu mwenyekiti wa kitongoji, tulikwenda naye kwa fundi kiangazi kimoja ambacho pampu ya kisima ilikufa na akina mama wakawa wanachimba mchanga wa korongo kupata maji. Mtu alipeleka maneno kwamba fundi anamwaga maji kila siku anaosha plastiki. Watu walikuwa na hasira, na walikuwa na haki. Mwenyekiti akachukua wazee wawili, mmoja mimi, twende tukaone. Fundi hakubisha. Akaosha mkanda mbele yetu, maji yote aliyotumia akayakinga kwenye sufuria, akatuwekea katikati. Ilikuwa sufuria ya uji wa mtoto na haikujaa. Mzee mwenzangu akasema yeye kunawa uso tu anatumia zaidi ya hapo. Fundi akatuuliza kwa upole ni nani kati yetu ameoga asubuhi ile. Mwenyekiti akakohoa. Tukaaga.

Nilimuuliza baadaye uchache huo aliuzoeaje. Yeye ni Mwislamu, mimi ni Mlutheri wa kusuasua, lakini hayo hayakutuzuia kuulizana. Akasema mtu anayetawadha kwa birika moja mara tano kwa siku huku Singida, na akaswali na roho yake ikatulia, hawezi kuogopa maji machache.

Lakini msimfanye malaika. Mtu huyu mwenye ubahili wa jagi, wachungaji wakipita na ng'ombe wenye ndimi nje, alikuwa anatoa pipa zima la maji ya kunywa, ng'ombe wa watu asiowajua wanalimaliza, halafu jioni anatuma kuomba maji ya chai kwangu. Mke wangu alikuwa anamjazia dumu huku anamsema: fundi, kwa ng'ombe wewe ni mvua, kwa plastiki wewe ni jangwa. Anasema ndiyo, mwanangu, ng'ombe hajui salamu.

Na alikosea pia. Alipoanza kazi mjini Singida aliosha mkanda wa harusi kwa maji ya kisima cha kando ya ziwa. Maji ya kule yana chumvi, kila mtu anajua, ukinawa ngozi inakuwa kama imepakwa majivu. Yeye akasahau, au akaona harusi inamharakisha. Mkanda ulipokauka ukabaki na vidoa vidogo, na picha zilipotoka, bwana harusi na bibi harusi na kamati nzima wameangukiwa na matone. Akazipeleka akiwa ameshajiandaa kutukanwa. Mama wa bibi harusi akazitazama, akapiga kigelegele. Akasema sote tuliona siku ile ilikuwa kavu, lakini kamera imeiona mvua. Huku kwetu mvua ikinyesha kwenye harusi ni baraka, huwezi kumwambia mtu kwamba baraka yake ni chumvi. Fundi aliniambia ndoa ile ilidumu, na kila alipokutana nao moyo ulimdunda.

Tangu hapo akawa na maji ya mwisho. Ni maji ya mvua, aliyakinga kwenye bati masika, akayachuja kwa kitambaa cheupe, akayatunza kwenye mtungi ambao hata mkewe hakuruhusiwa kuufunua. Mkanda ukishaoshwa salamu zote tatu, anauchovya humo kidogo tu, kikombe kimoja chenye tone la sabuni ili maji yateleze yasiache doa. Kikombe hicho ndicho alichokunywa bwana shamba wetu wa zamani. Alikuja amechoka na pikipiki, akakiona mezani, hakuuliza. Akashusha chote, akasema maji ya Iguguno yana ladha ya mjini. Fundi akamwambia karibu tena.

Kuna tabia nyingine ambayo mpaka leo inanisisimua mwili. Sisi alitujua kwa upande wa pili. Kwenye mkanda, kabla picha haijatolewa kwenye karatasi, mambo yamegeuka: uso ni mweupe, meno ni meusi, nywele nyeusi zinaonekana nyeupe kabisa. Yeye alikuwa amekaa na nyuso hizo miaka mingi kiasi kwamba, mvi ziliponitoka mimi na kila mtu akaanza kunipa pole, fundi alinitazama bila mshangao wowote. Akasema, mvi hizi mimi nimekuona nazo tangu ukiwa kijana. Nilikwenda nyumbani nikawa naitazama ardhi mpaka mke wangu akauliza kama nimedondosha kitu njiani.

Yeye mwenyewe hakupigwa picha. Ukimuuliza anasema nani ataosha.

Simu zilipokuja, kazi ilikufa, hilo halihitaji maelezo. Akauza kuku barabarani kama watu wengine. Lakini mkanda mmoja alibaki nao, na aliuhifadhi kwenye friji ya muuza soda, kati ya chupa, tukawa tunamtania kwamba anasubiri upoe aunywe. Siku moja, sijui nini kilimwingia, akautoa, akautia kwenye kamera na kuanza kuzunguka nayo. Watu wakamcheka. Alikuwa anapiga moja, anakaa hata mwezi.

Asubuhi moja mke wangu alikuwa uani anapiga alizeti. Tumezianika kwenye turubai, yeye anazipiga kwa fimbo, mbegu zinaruka kila upande. Mke wangu alikuwa hapendi picha. Wajukuu wakimwelekezea simu anageuka, anasema simu inakupiga hata kabla hujajiweka sawa, ni kama kumchungulia mtu bafuni. Fundi akapita na kamera shingoni, akasimama. Mke wangu akamwona. Akashusha fimbo, akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwani, kitambaa kikateleza, akakiacha. Akainua fimbo tena. Nilikuwepo, nimekaa na gunia naliziba tundu, nikaduwaa.

Akamwambia, piga, lakini ukiniharibu nami nitakuharibu. Na usiniletee sasa, niletee nikizeeka.

Fundi akapiga. Mara moja tu.

Mke wangu hakuzeeka. Mvi zilikuwa bado zimemkataa, nilikuwa namwonea wivu, kichwa cheusi kama cha msichana. Aliugua masika, tukampeleka hospitali, tukarudi naye tukiwa tumemlaza kwenye gari. Fundi alishika jembe makaburini na macho yake yale mabovu, tukimwambia apumzike hasikii.

Baada ya arobaini, wanangu wakatafuta picha ya mama yao ya kuweka ukutani. Hakuna. Iliyopo ni ya kitambulisho, ametoa macho kama mtu anayesomewa mashtaka. Mwanangu mkubwa alisema tuikuze hiyohiyo. Nikasema yule simjui. Nilikuwa naanza kuamka asubuhi natafuta uso wake kichwani na siupati wote, napata shavu, napata sauti, uso unakataa. Sikuwa nimemwambia mtu. Nikaenda kwa fundi.

Akaniambia mkanda upo, haujafika mwisho lakini atausimamisha hapo. Dawa anayo ya kazi moja tu, unga wa zamani aliouweka kwenye kopo la asali, na hajui kama bado una nguvu. Ukikataa, hakuna mwingine, na mkanda umekwenda. Alisema hivyo bila kupamba maneno, nami nikajua kwamba uso wa mke wangu uko ndani ya kitu kidogo kama kikopo cha koroboi, na kina nafasi moja.

Kilikuwa kiangazi, pampu imekufa tena. Nikamwambia nitakodi mkokoteni wa punda, nimletee mapipa ya maji kutoka popote. Akasema nilete dumu moja na nitarudi nalo nyumbani likiwa na maji.

Hapo niliudhika, sisemi uongo. Nilimwambia mwanamke yule amekujazia wewe madumu, amejazia majirani, amenywesha wageni wa kijiji kizima, leo unataka kumwosha kwa vikombe?

Fundi akanitazama na macho yake yenye ukungu. "Mkwe, wewe ukiosha kikombe unakwenda kukitupa ziwani? Kaa chini."

Nikakaa. Akaingiza mikono kwenye kabuti. Alivalisha mkanda kwa muda mrefu, nikawa nasikia plastiki inalia ndani ya giza lile la mapajani. Akatia dawa ya kuamsha. Akaitoa imekuwa na rangi ya chai. Akatia ya kushikisha. Tukasubiri, malori yanapita nje, nyumba inatikisika. Kisha akafungua kifuniko, maana hapo mwanga hauna madhara tena, akavuta mwanzo wa mkanda akanisogezea dirishani. Akasema nimwangalizie, yeye haoni.

Niliona vidirisha vya picha, kimoja baada ya kingine. Niliona kitu kama mbuzi. Halafu nikaona fimbo imeinuliwa, na chini yake mwanamke mwenye nywele nyeupe.

Nilimwona mke wangu mzee. Uso ni wake, tabasamu la kutaka kugombana ni lake, na kichwa chote kimejaa mvi. Alisema aletewe akizeeka, na hapo alikuwa amezeeka.

Fundi akauliza, yupo?

Nikasema yupo.

Akasema basi tumwoshe, asije akaliwa.

Akaurudisha mkanda, akamimina maji kutoka kwenye dumu langu, akafunga. Tukasalimiana salamu ya njiani. Akamwaga kwenye beseni. Akatia ya pili, tukasalimiana salamu ya jirani, nikajibu yote, majirani wazima, pampu mbovu, mvua bado. Akamwaga. Akatia ya tatu na kukaa sawa kwenye kigoda. Salamu hiyo tuliisema kwa lugha ya nyumbani, mimi naiandika hivi ili kila mtu aipate. Nikamwamkia. Akaitikia. Kopo likaanza kugeuka.

Akauliza huko nilikotoka kwema, nikasema kwema, baba. Watoto, wazima. Wajukuu, wapo shuleni. Mbuzi, wanahangaika na majani lakini wapo. Alizeti, tumevuna. Nyumba haijavuja, haijavuja. Kopo linageuka, juu chini, juu chini, maji yanasikika humo ndani kama mtu anasukutua.

"Na mama wa watoto hajambo?"

Mtu huyu alimzika pamoja na sisi. Kaburi lile alilifukia kwa mikono yake. Nikamtazama nione kama uzee umemwingia kichwani, lakini hakuwa ananiangalia, alikuwa ameinamisha sikio kwenye kopo, na mikono yake haikusimama. Nikaelewa kwamba swali limekuja kwa sababu ni zamu yake kuja, liko pale katikati ya salamu tangu babu zetu, na kwamba hawezi kuliruka, maana akiliruka maji yamepungua. Na mimi nisipoitikia, salamu imekatika, kuosha kumekatika, na ile dawa itabaki mle ndani pamoja naye, imle taratibu kuanzia pembeni. Kopo likageuka. Likageuka tena, polepole, linanisubiri.

"Hajambo," nikasema. "Anaoga."

Fundi akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kugeuza.

"Akitoka," akasema, "mwambie tumemsalimu."